Mjukuu wa Epigmenio Zárate

Anselmo Barrientos alikuwa na mkono wa birika, na wala hakuuonea haya. Alikuwa fundi wa blenda na pasi huko Iztapalapa, mjini Mexico. Mteja akimletea blenda iliyokufa, Anselmo aliirudisha ikiwa hai na skrubu mbili pungufu, maana skrubu nazo ni mali. Basi mtu wa namna hiyo alipotangaza kwamba anamchukua Yadira waende kuiona bahari, mabegi mgongoni, kwa basi na pikapu na miguu, ndugu zake Yadira walicheka mpaka wakatafuta pa kukaa.

"Huyo atakupeleka kwa miguu," dada yake alimwambia. "Na viatu atakwambia uvue, soli zisiishe."

Yadira alikwenda hata hivyo. Alikuwa mshonaji wa magauni ya mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano, kazi ya macho na subira, na alikuwa amepata likizo ya siku kumi na moja baada ya miaka mitatu ya kushona shanga. Tena alikuwa na sababu yake nyingine. Asubuhi ya kuondoka, palepale kituo cha mabasi, Anselmo alikuwa amemposa, bila pete, akieleza kwamba pete za baharini ni nzuri zaidi kwa sababu ni za ganda la chaza na haziuzwi ghali.

"Nitakujibu tukifika baharini," Yadira alimwambia. "Kwanza nikuone njiani. Mtu humjui mpaka usafiri naye."

Tangu hapo Anselmo alijua anapimwa. Akawa anabeba begi zito, anampisha Yadira dirishani, anamfukuzia nzi. Ubahili wake tu ndio hakuuficha, kwa kuwa yeye aliuhesabu kuwa sifa.

Puebla walikula chakula cha mchana kwa kuonja. Kuna mtaa mzima wa maduka ya peremende kule, na kila duka humpa mpita njia kipande cha viazi vitamu vya sukari. Anselmo alianza duka la kwanza upande wa kulia akamaliza la mwisho upande wa kushoto. Oaxaca ilikuwa zamu ya mole, ule mchuzi mzito wa pilipili na kakao unaouzwa sokoni ungali tope, na wauzaji wakikuita uonje kwa kijiti. Mchovya asali hachovyi mara moja. Anselmo alipita kibanda kimoja mara nne, mara ya nne akiwa amevaa kofia ya Yadira.

"Nimeshakuona, bwana kofia," muuzaji akamwambia. "Ukitaka tortilla ya kufutia, sema tu."

"Kama ipo," Anselmo akajibu, maana chapati ya mahindi nayo ni chakula.

Yadira alicheka siku hiyo. Siku ya tano hakucheka tena, maana siku ya tano ndipo Anselmo alipolikataa gari la moja kwa moja la kwenda pwani. Alikuwa amegundua kwamba mtu akiunganisha pikapu tatu za vijijini, kupitia milima ya kusini, anaokoa karibu nusu ya nauli. Rahisi ghali, walisema wahenga, na hakika kuna mhenga mmoja aliwahi kupanda hiyo pikapu ya tatu. Walikaa nyuma pamoja na mbuzi wanne na tangi la gesi, wakipanda kona baada ya kona, na saa saba mchana wakashushwa katika kijiji kiitwacho San Melitón, kwenye mawingu. Dereva aliwaambia kwamba pikapu ya kuteremkia baharini ipo, ni nzuri, na itaondoka kesho saa sita.

Walikwenda ofisi ya kijiji kuuliza pa kulala. Mwenyekiti, Don Taurino, alikuwa mzee mwenye kofia ya majani na kijiti cha meno mdomoni. Kando yake alikaa katibu, Fulgencio, mwenye daftari kubwa lililochakaa pembe.

"Chumba cha wageni kipo," Don Taurino alisema. "Peso mia tatu kwa kila kichwa. Na mchango wa kijiji, hamsini. Kwa kila kichwa."

Anselmo aligusa kichwa chake kana kwamba angeweza kukiacha nje.

"Na mwana wa kijiji hulipa ngapi?"

"Mwana wa kijiji?" Don Taurino alishangaa. "Nani analipa kulala kwao, kijana?"

Hapo ndipo shetani wa Anselmo alipoamka. Ukutani, juu ya kichwa cha katibu, kulikuwa na ubao wenye majina kama kumi na mawili ya rangi nyekundu. Maneno ya juu yalikuwa yamebanduka kwa unyevu, yakabaki majina matupu. Anselmo akawaza kwamba watu wanaoandikwa ukutani ni watu wa heshima: labda walichangia kengele ya kanisa, labda walikufa vitani. Akachagua jina la tano, lililosomeka vizuri kuliko yote.

"Basi mimi niko kwetu," alisema, akavua kofia. "Mimi ni mjukuu wa Epigmenio Zárate."

Kijiti kilimdondoka Don Taurino. Fulgencio akasimamisha kalamu hewani.

"Epigmenio yupi?"

"Zárate. Baba mzazi wa mama yangu, Mungu amrehemu."

Wazee wale wawili wakatazamana kama watu waliookota kitu barabarani wasijue kama kina mwenyewe. Kisha Don Taurino akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia Anselmo, akampiga mgongoni mara tatu kwa nguvu. Katibu akafungua ukurasa mpya na kuandika kwa wino.

"Umri?"

"Ishirini na tisa."

"Afya?"

"Njema, namshukuru Mungu."

"Miguu je? Inapanda mlima?"

"Inapanda vizuri sana," Anselmo akasema, akidhani huo ndio ukarimu wa milimani, mtu kuulizwa habari za miguu.

Wakapewa chumba nyuma ya ofisi, vitanda viwili na blanketi za sufu, bure. Yadira alingoja mpaka mlango ukafungwa.

"Anselmo. Babu yako si yule wa Toluca, aliyekuwa akiuza soseji?"

"Mtu ana babu wawili, mpenzi."

"Na wa pili si Don Chucho, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwenu, aliyenisalimia Jumatatu?"

"Ni usiku mmoja tu," Anselmo akasema. "Jina la marehemu halichakai kwa kutajwa."

Kabla Yadira hajajibu, kipaza sauti cha kijiji kilikohoa juu ya paa lao. Katika milima ile kipaza sauti ndicho gazeti: kinatangaza nyama imechinjwa, ng'ombe amepotea, fulani anaitwa simuni. Sasa kilikuwa na sauti ya Fulgencio.

"Tangazo, tangazo. Wananchi wa San Melitón, mnajulishwa kwamba amefika mjukuu wa Epigmenio Zárate. Yuko nyuma ya ofisi. Ni mwembamba lakini ana afya. Kesho mkutano saa mbili asubuhi, na asikose mtu."

"Umeona?" Anselmo akasema, akijinyoosha kitandani. "Wameniitia mkutano."

Saa kumi hivi alikuja bibi mmoja mfupi, amejitanda shali, mikononi ana bakuli la maharage na tortilla zilizofunikwa kwa kitambaa. Alisimama mlangoni akamchunguza Anselmo, pua, masikio, mikono.

"Hufanani naye," alisema.

"Nimechukua upande wa bibi," Anselmo akajibu, tortilla ya kwanza imeshafika mdomoni.

"Ndiyo. Bibi yako. Anaitwaje?"

Anselmo hakuwa amejiandaa na bibi. "Gudelia," alisema, kwa kuwa ndilo jina la mteja wake wa mwisho, mwenye pasi iliyoungua.

"Gudelia." Bibi yule alilirudia taratibu. "Na walijaliwa watoto?"

Mwongo mwenye akili angesema mmoja. Lakini mdomo uliojaa maharage ya watu huwa mkarimu kwa visivyo vyake.

"Saba," Anselmo akasema. "Mama yangu ndiye kitinda mimba."

"Saba!"

Bibi akakaa kwenye kizingiti. Akaupanga upya mtando wa shali yake, ambao haukuwa na kasoro.

"Alikufa vizuri?"

"Kwa amani kabisa, Doña. Kitandani, na watoto wote saba wamemzunguka."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Bakuli lilipokwisha alilichukua, akalifuta kwa kitambaa. "Mimi naitwa Eufrasia," alisema, akaenda zake.

"Watu wa huku wana roho nzuri," Anselmo alisema.

"Tangu useme saba hakukutazama tena usoni," Yadira akajibu. "Hukuona?"

Hakuona. Alikuwa akitazama bakuli.

Asubuhi Yadira aliamka mapema akaenda na wanawake kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa yeye hakuweza kulala mahali bure bila kushika kazi yoyote. Anselmo alichana nywele akaenda mkutanoni. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, watu kama mia mbili wenye kofia, na alipotokea walimpigia makofi. Akaketishwa mbele. Akawa anawaza kwamba pengine kuna kifungua kinywa.

Don Taurino alisimama chini ya goli.

"Wananchi, mnaujua ule ubao wa ofisini. Majina mekundu."

"Tunaujua," watu wakaitika.

"Ni ubao wa nani?"

"Wa waliotoroka utumishi!"

Anselmo akaacha kutabasamu upande mmoja, upande wa pili ukabaki umesahauliwa.

"Hapa kwetu," Don Taurino akaendelea, akimgeukia yeye, "hatuna polisi wa mshahara wala mzoa taka wa mshahara. Kila mwana wa kijiji hutumikia kwa zamu mwaka mzima, anaanza kwa kuwa topili, yaani mlinzi, mpaka siku moja anakuwa mwenyekiti kama mimi, maskini kama mimi. Babu yako alichaguliwa topili, akatumikia wiki mbili, akaondoka kwenda kaskazini. Aliacha fimbo imeegemezwa ukutani. Asiyetumikia, mwanawe atatumikia. Asipokuwepo mwana, mjukuu. Tulikuwa tumekata tamaa, na wewe umekuja mwenyewe, kwa miguu yako inayopanda mlima."

Akamkabidhi fimbo nyeusi yenye utepe. Watu walipiga makofi, na bendi ya kijiji, iliyokuwa imejificha nyuma ya choo, ikapuliza tarumbeta. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; San Melitón hawakuingojea siku ya tatu.

"Kwa... kwa muda gani, Don Taurino?"

"Mwaka mmoja. Tukitoa zile wiki mbili za babu, maana sisi si wadhalimu."

"Mimi nina kazi Mexico. Kuna blenda zinanisubiri!"

"Zitasubiri. Babu yako tumemsubiri miaka hamsini na nane, na yeye hakuwa blenda."

"Na mshahara?"

Swali hilo lilipokelewa vizuri kuliko hotuba. Mzee mmoja mstari wa nyuma alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni.

Saa nne Anselmo alikuwa kazini. Mwisho wa kijiji, barabara ya kuteremkia pwani ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, ili malori yasipitishe mbao za wizi, na topili ndiye aliyeulinda. Alikalishwa juu ya jiwe, fimbo mkononi, ufunguo wa kufuli shingoni, na akapewa onyo kwamba asiuvue hata akioga. Hapo ndipo Yadira alipomkuta, amekuja mbio kutoka mashineni, unga kwenye nyusi.

"Yule bibi wa maharage unamjua ni nani?"

"Doña Eufrasia."

"Ni mke wa Epigmenio."

Anselmo alishika fimbo kwa mikono miwili.

"Walikaa kwenye ndoa miaka tisa, hawakupata mtoto," Yadira akasema. "Kijiji kizima kikamwita yeye tasa. Mama mkwe alimwita tasa mbele ya watu. Mwisho wakaenda kwa daktari Oaxaca, daktari akasema kasoro ni ya mume. Epigmenio hakuistahimili aibu, ndiyo maana akatoroka. Ilimchukua yule mama miaka, Anselmo, miaka, mpaka wakaacha kumnyooshea kidole. Na jana wewe ulimpa mumewe watoto saba."

"Mimi sikujua!"

"Mtu alipita mlangoni jana akawasikia, na kule mashineni leo hawana mazungumzo mengine. Kumbe daktari alihongwa. Kumbe tasa alikuwa ni yeye. Na yeye yupo palepale, anasubiri zamu yake na ndoo yake, anasikia yote."

Anselmo alihisi vibaya, ni kweli. Lakini hofu ilikuwa na miguu mirefu kuliko huruma, ikatangulia.

"Sikiliza, mpenzi. Pikapu inaondoka saa sita. Inapita hapahapa. Mnyororo naufungua mimi, ufunguo ninao mimi." Akaugusa, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Topili ninayepaswa kumkwepa ni mimi mwenyewe! Leta mabegi tu."

"Na Doña Eufrasia?"

"Yatapita. Watasahau."

Yadira alimtazama muda ule mtu anaotumia kutazama mshono uliokwenda upande.

"Sawa," alisema.

Anselmo aliijua hiyo sawa. Aliisikia siku Yadira alipomkunjia vitambaa vyake mteja mmoja mwenye maneno mengi, akamrudishia pesa zake na asimshonee tena mpaka leo. Alimwona akipanda kurudi kijijini, na akaelewa vizuri kabisa kwamba jibu lake la baharini limeshapatikana hapa mlimani, na kwamba si zuri. Akakaa juu ya jiwe akitafuta neno la kujitetea. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye mnyororo.

Saa sita pikapu ilifika, ikiwa na abiria sita na Yadira, mabegi yote mawili magotini mwake.

"Topili, fungua," dereva akasema.

Anselmo akafungua kufuli, akauangusha mnyororo. Alikuwa ameshashika ubavu wa gari, mguu mmoja umeshainuka, waliposhuka wanawake watatu kutoka mashineni na ndoo za unga uliosagwa, wanaelekea nyumba za chini. Doña Eufrasia alikuja nyuma yao, peke yake, hatua kama ishirini.

"Wengine tumbo ni kibuyu kikavu," mmoja wa wale watatu alisema, bila kugeuka na bila kupunguza sauti, "halafu wanamsingizia marehemu."

"Saba!" mwenzake akaitikia. "Kwa Gudelia wake, saba!"

Doña Eufrasia alipofika kwenye gari alimwona Anselmo na mguu wake hewani, fimbo kwapani. Alimtazama yeye, akatazama gari, na bila shaka alielewa, maana aliwahi kumwona topili mwingine akiondoka.

"Umekula, mwanangu?" alimwuliza.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Anselmo alishusha mguu. Akaona haya ambayo hakuwahi kuona katika maisha yake yote ya kuonja na kutonunua. Akamtazama Yadira juu ya gari.

"Nenda," Anselmo akamwambia dereva. Kisha akamwambia Yadira: "Nenda ukaione bahari. Begi langu lifanyie utakavyo."

Akageuka, akaanza kupanda mlima mbio.

Fulgencio alikuwa akila supu aliposukumwa kando na topili wake mpya. Kipaza sauti kilipiga yowe, mbwa wakabweka mpaka bonde la pili.

"Tangazo, tangazo," ilisema sauti juu ya mapaa, ikihema. "Mimi, Anselmo Barrientos, topili wa mnyororo, si mjukuu wa mtu yeyote hapa. Babu yangu mmoja aliuza soseji Toluca. Wa pili ni Don Chucho, yu hai, ana kisukari. Epigmenio Zárate simjui. Nilisoma jina ukutani, nikadhani ni la kengele. Nilitaka kulala bure." Watu walisimama majumbani na mashambani. "Hakuna Gudelia. Gudelia ni mwenye pasi. Watoto saba hawapo. Hata mmoja hayupo. Daktari alisema kweli, na Doña Eufrasia alisema kweli, na aliye mwongo San Melitón ni mmoja tu, ndiye mimi." Kikakwaruza kidogo. "Maharage yalikuwa matamu. Asanteni."

Hakuna mkutano uliowahi kujaa haraka namna ile. Kabla ya saa saba watu wote walikuwa uwanjani, na Anselmo kasimama chini ya goli. Doña Eufrasia alipita katikati yao. Anselmo alifumba macho akingoja kofi. Badala yake alishikwa sikio, akageuzwa na sikio hilohilo mpaka akaelekeana na wale wanawake watatu.

"Waambie tena," alisema Doña Eufrasia.

"Epigmenio hakuzaa," Anselmo akasema.

"Sauti!"

"Hakuzaa!"

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Doña!"

Wale watatu wakawa wanakagua ndoo zao. Doña Eufrasia akaliachia sikio, na kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko kikavu, kama mtu anayepiga chafya. Kisha hakikuendelea.

"Jana nilitoka kwako nimekasirika," alimwambia, taratibu, watu wa mbele tu ndio waliosikia. "Lakini nilipofika nyumbani nilifurahi pia. Nikasema, angalau alikuwa na watu wa kumzika." Akajifuta pua kwa ncha ya shali. "Basi atakuwa alikufa peke yake, mpumbavu yule."

"Nisamehe, Doña."

"Nitaona," alisema, akaenda kukaa na wanawake, na safari hii walimpisha katikati ya benchi.

Don Taurino alikohoa. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyepata topili saa mbili na kumpoteza saa sita.

"Kosa la kwanza, uongo mbele ya ofisi. Kosa la pili, kubwa zaidi, kuacha mnyororo wazi ukiwa zamu."

"Amepita nani?" mtu akauliza.

"Mbuzi wangu," mwingine akajibu kwa uchungu. "Wote."

Walijadiliana. Mmoja alitaka afungwe chumba cha walevi, lakini chumba kilikuwa na mahindi. Mwisho wakakubaliana: siku sita za kubeba mawe, kutoka mtoni mpaka kwenye tangi la maji linalojengwa juu ya kanisa.

"Siku sita!" Anselmo alisema, kisha akajirudi. "Sawa. Ni haki."

"Kwa desturi yetu," Don Taurino akasema, "ndugu wa mkosaji anaweza kubeba naye, na siku zinagawanywa. Fulgencio, fungua kitabu."

Fulgencio alifungua ukurasa wa jana, akakata mstari juu ya maneno *mjukuu wa Epigmenio Zárate*, akasikitika kwa ule wino uliopotea.

"Nani ndugu wa huyu mtu?"

Anselmo alitazama ncha za viatu vyake. Jana alikuwa na babu, bibi, na wajomba na mama wakubwa wa kutosha timu ya mpira wa kikapu na wa akiba, na leo hakuna hata mmoja wa kumnyanyulia jiwe.

"Mimi."

Watu waligeuka. Yadira alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, begi moja mgongoni na moja kifuani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameshuka kwenye gari kona ya pili, akapanda mlima kwa miguu, na hakuna aliyemwuliza alisikia nini kule, kwa kuwa kipaza sauti cha San Melitón husikika mpaka kona ya tano.

Akaja mpaka kwenye meza. Akashusha begi la kifuani, akashusha la mgongoni, akatazama mawe kule mtoni, akayatazama yale mapaja membamba ya Anselmo.

"Ndugu wa namna gani?" Fulgencio akauliza, kalamu tayari. "Kitabu kinataka kujua."

Anselmo hakuthubutu kuinua kichwa.

"Andika mchumba," Yadira akasema.

Wanawake walipiga vigelegele, tarumbeta moja ikatoka kwa kukurupuka, Anselmo akafungua mdomo na mikono pamoja. Yadira akamnyooshea kidole abaki palepale alipo, kisha akauzuia mkono wa katibu kabla wino haujagusa karatasi.

"Lakini kwa penseli," alisema.